Hii Picha Haina Kitu

Leo sina mahubiri. Nina jambo la nyumbani kwangu, na mama watoto amenipa ruhusa kuliandika. Kijana wetu naye ameniruhusu, ingawa yeye alifikiri siku mbili kwanza. Chukua chai yako ukae, maana ni refu kidogo.

Miaka minne iliyopita, likizo ya Aprili, kijana wangu wa kwanza aliingia sebuleni amebeba kipande cha plaiwudi. Alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa amekipaka rangi zilizobaki tulipopaka kanisa: ile kijivu ya kuta za nje, bluu ya darasa la watoto, nyeupe ya dari. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kunisalimia. Akaiegemeza picha kwenye kochi, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja.

Nikaitazama. Juu kijivu. Chini kijivu kingine. Katikati mstari mweupe, mwembamba, umepinda kidogo kama umechorwa na mtu anayesinzia. Pembeni, chini kulia, tone la rangi ya manjano.

Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

Akasema, "Ni ziwa, Baba."

"Ziwa liko wapi? Mtumbwi uko wapi? Samaki wako wapi? Hii picha haina kitu. Na hapa chini umedondosha rangi."

Wazee wakacheka. Mimi nami nikacheka, na kwa sababu nilikuwa na wasikilizaji, nikaendelea. Unajua sisi wahubiri, tukipata watu wawili tunaona ni mkutano. Nikamwambia vijana wa rika lake wako na vitabu vya hesabu, yeye anachafua mbao. Hakujibu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na birika. Aliitazama ile picha kwa muda, akageuka akarudi jikoni bila kutumiminia chai. Nilifikiri ameacha kitu motoni.

Wiki ile ile mvua ilianza kuingia kwenye banda la kuku. Nikamwona kijana akipigilia kile kipande cha plaiwudi ukutani mwa banda, upande wa rangi ukiwa ndani, kwa kuku. Nikamsifu. Nikasema, sasa hiyo kazi ina maana. Mpendwa, nakuandikia hivi na mkono unanitetemeka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona tena na brashi.

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Mwaka jana mwezi wa Juni nilialikwa na ushirika wa Wakenya walioko Glasgow, kule Uskoti, kuwahudumia siku tatu. Tulipomaliza, ndugu wawili wakaniuliza ningependa kuona nini kabla ya kurudi. Walidhani nitasema uwanja wa mpira. Nikasema, nipelekeni Lewis.

Kama umepita chuo cha Biblia unajua kwa nini. Lewis ni kisiwa katika visiwa vya Hebrides, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uskoti, na huko kijijini Barvas ndiko wale dada wawili wazee, Peggy na Christine Smith, mmoja kipofu na mwingine amepindwa na baridi yabisi, walikoomba mpaka uamsho ukaja mwaka 1949. Mwalimu wetu chuoni alitusimulia habari hiyo mpaka sisi wenyewe tukajiona tumewahi kufika. Kwa hiyo nilikwenda kutafuta mahali pa uamsho. Hiyo nitakusimulia siku nyingine. Leo nataka nyumba tuliyolala.

Tulifika kwa feri kutoka Ullapool mpaka Stornoway, safari ya zaidi ya saa mbili na nusu, na tumbo langu lilizihesabu zote. (Feri hiyo haikuwa ikisafiri Jumapili mpaka mwaka 2009. Watu wa kule Sabato yao si mchezo.) Ndugu walikuwa wametutafutia vyumba kwa mama mmoja wa miaka sitini na kitu, upande wa bahari ya Atlantiki. Mama wa kanisa, Mpresibiteri, wale wa kuimba Zaburi bila kinanda. Na ni mchoraji.

Niseme kwanza kuhusu mwanga, maana bila huo hutanielewa. Kwetu sisi jua huzama kama mtu aliyeitwa. Saa kumi na mbili na nusu lipo, ukiingia ndani kuchukua sweta ukitoka ni giza. Kule, usiku wa kwanza, nilitoka nje saa nne na nusu ya usiku nikakuta jua ndiyo linagusa maji. Halafu halikuondoka kwa haraka. Anga lilibaki na mwanga usio wa mchana wala wa usiku, na kabla sijazoea, saa kumi na nusu alfajiri jua limerudi. Sikulala vizuri hata siku moja.

Na si urefu wa siku tu. Jua la kule hata adhuhuri halipandi utosini kama la kwetu, linapita kwa pembeni, kwa hiyo kila jiwe lina kivuli kirefu na kila nyasi ina upande unaong'aa. Miti ni michache sana. Bahari iko kila upande na inarudisha mwanga juu, kwa hiyo unaangaziwa kutoka chini pia. Mvua inatoka Atlantiki, inaosha hewa, inapita, na nyuma yake unaona kilima cha mbali kama unaweza kukigusa. Dakika kumi baadaye kilima hakipo. Ukungu umekichukua. Kisha kinarudi, lakini kina rangi nyingine. Mawe yenyewe ni ya kijivu yenye mistari ya waridi, na wataalamu wanasema yana umri wa karibu miaka bilioni 3. Hapo tusibishane leo.

Asubuhi ya pili, mama huyo akanikaribisha kwenye kibanda anachochorea. Mpendwa, nilipofungua mlango nilisema moyoni maneno yale yale. Kuta nne, na picha zisizo na kitu. Kijivu juu ya kijivu. Mabaka. Mistari. Moja ilikuwa kama mtu amemwaga uji akaufuta kwa kitambaa kichafu. Nikatafuta la kusema. Nikamwambia, "Mungu amekupa kipawa," ule msemo wetu wa kujitoa.

Hakudanganyika. Akasema, "Mchungaji, hapa hakuna picha ya kisiwa. Kisiwa kipo nje, kinatosha. Mimi nachora kinachopita juu yake."

Akanitoa nje. Tulisimama kwenye upepo ambao ungeweza kumbeba mtoto wa shule. Alikuwa na daftari dogo amelifunga kwa raba lisipeperuke, na penseli. Nilifikiri atachora pwani. Akaandika neno moja, akapiga mistari mitatu, akatazama tena. Akaniambia kwamba mwanga anaoutaka hukaa sekunde ishirini au thelathini, hakuna mkono unaoweza kuukimbilia. Kwa hiyo hukaa tu akaupokea, kisha anarudi ndani na kuanza kuutafuta upya kwa rangi. Wakati mwingine anatumia rangi za maji na kuzichanganya na mvua yenyewe, karatasi ikiwa wazi, matone yakianguka juu yake. Alama za matone hazifuti.

Ndani ndiko kwenye kazi. Anapaka rangi ya mafuta kwa kisu kipana, sio brashi. Anangoja siku kadhaa ikauke. Anapaka tabaka la pili, halafu anakwaruza mpaka la kwanza litokeze kama ngozi chini ya nguo iliyochanika. La tatu anapaka jembamba, linapitisha mwanga kama ukungu unavyopitisha. Anaweza kurudia mara nane. Picha ile niliyoidharau kama uji ilimchukua miezi mitano.

Nilimuuliza kuhusu hiyo kijivu, anainunua wapi. Akacheka. Akachukua bluu nzito iliyoiva, akachukua rangi ya kahawia ambayo ni udongo uliochomwa, akazikutanisha kwenye kibao. Ilikuwa kijivu. Akaongeza bluu kidogo, ikawa kijivu ya baridi, ya bahari kabla ya mvua. Akaongeza udongo, ikawa ya joto, ya jiwe lililopigwa na jua. Nyeusi ya kununua hatumii, anasema inaua picha. Katika lile jambo moja nililokuwa nikiliita kijivu alinionyesha aina kumi na mbili, nikazihesabu mwenyewe. Mimi mhubiri wa miaka ishirini, na macho sikuwa nayo.

Akaniletea kitabu cha picha za Jon Schueler, Mmarekani aliyezaliwa 1916. Huyu alikuwa mwelekezi wa njia katika ndege za mabomu wakati wa Vita vya Pili, yule anayekaa mbele kwenye pua ya kioo, mawingu yote yakimjia usoni na marafiki zake wakianguka pembeni. Baada ya vita akasomea uchoraji, na mwaka 1957 akaenda Mallaig, bandari ndogo ya wavuvi inayotazamana na visiwa vya Skye, Eigg na Rum. Alirudi akaishi huko kuanzia 1970 mpaka 1975. Na alichora anga. Anga tu, mpaka alipofariki 1992. Ukitazama haraka unaona mawingu yaliyokorogeka. Lakini yule mtu alikuwa amepoteza watu ndani ya mawingu. Angewachoraje?

Na usidhani ni mimi peke yangu niliyelalamika. Turner, yule Mwingereza mkubwa, alikwenda kisiwa cha Staffa kwa meli ya mvuke mwaka 1831, hali ya hewa ikiwa mbaya, akachora meli ndogo yenye moshi katikati ya anga na maji yaliyochanganyikana. Picha ilionyeshwa 1832, ikakaa miaka 13 bila kuuzwa. Aliyeinunua, James Lenox wa New York, ilipomfikia alisikitika kwamba haionekani wazi. Nikajisikia nina ndugu Marekani.

Sasa nifike pale nilipovunjika.

Kwenye ukuta wa nyuma, peke yake, kulikuwa na picha ndogo, karibu yote nyeusi-kijivu. Chini giza, juu giza jingine. Katikati kijistari cha mwanga, chembamba kama uzi. Nikamuuliza hiyo ni saa ngapi ya siku.

Akaniambia ni usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919. Vita vya Kwanza vilikuwa vimekwisha, na meli iliyoitwa Iolaire ilikuwa ikiwarudisha mabaharia wa kisiwa nyumbani kwa mwaka mpya. Karibu saa nane za usiku ikagonga miamba karibu sana na bandari ya Stornoway. Walikuwa wanaziona taa za nyumbani. Walikufa 201. Watu waliokuwa wamepona vita miaka minne. Bibi yake alikuwa miongoni mwa waliokwenda ufukweni asubuhi kutafuta, na katika nyumba yao jambo hilo halikuzungumzwa, hata mara moja.

Nikamwambia, "Lakini meli haipo."

Akasema, "Nikichora meli, Mchungaji, utatazama meli."

Mpendwa, nilikaa chini. Kulikuwa na kigoda, nikakaa. Maana hapo ndipo nilipoona ziwa.

Nilikuwa nimekuficha jambo moja, si kwa makusudi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliunganisha. Desemba ile, kabla ya Aprili ya plaiwudi, tulikuwa Mfangano kwa wakwe zangu. Anayekijua kisiwa hicho anajua usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa omena zinavyojaa ziwani kama mji. Shemeji yangu, kaka mdogo wa mama watoto, alikuwa huko na mtumbwi wake. Saa tisa za usiku upepo ukashuka. Wenyeji watakuambia Nyanza haikupigi hodi. Taa zikaanza kuzimika moja moja. Kabla hakujapambazuka tulikuwa ufukweni na tochi, mimi na wanaume wengine, tunapiga kelele kwenye mvua, na mawimbi yanatunyamazisha. Tulimpata siku ya tatu. Mimi ndiye niliyehubiri mazishi, na watu waliniambia nilihubiri vizuri.

Kijana wetu alikuwa amekatazwa kushuka ufukweni. Alibaki juu kwa bibi yake, mlangoni. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha kuogelea. Hakuna aliyemuuliza alichoona kutoka pale juu. Mimi nilishauri familia kumi na moja zilizofiwa mwaka ule, nina hesabu kwenye shajara yangu, na yangu haimo.

Miezi minne baadaye akaniletea, nikamwambia haina kitu.

Usiku ule Lewis sikulala, na safari hii haikuwa kosa la jua. Nilimfikiria Eliya juu ya Karmeli na yule mtumishi wake aliyetumwa kutazama upande wa bahari. Nimehubiri habari hiyo mara nyingi, kila mara nikikimbilia mara ya saba na lile wingu dogo. Sijawahi kukaa kwenye zile mara sita za kwanza, mtumishi anakwenda, anatazama bahari tupu, anarudi na jibu lile lile nililompa mwanangu. Na Eliya hamfokei. Anamwambia rudi.

Kwenye ndege nikakumbuka jambo jingine. Mfangano hiyo hiyo, kule Kwitone, kuna michoro ya kale miambani, duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa waliokaa hapo kabla ya Abasuba, na wazee huitaja pamoja na maombi ya mvua. Niliwahi kupeleka vijana wa kanisa kisiwani nikawaambia wasiikaribie. Msimamo wangu kuhusu matambiko haujabadilika, usinielewe vibaya. Lakini yule mama aliponiuliza kama kwetu kuna waliochora hali ya hewa, nilimjibu haraka kwamba hakuna. Nilimdanganya bila kujua.

Nilifika nyumbani Alhamisi. Sikufungua hata mizigo. Nilichukua nyundo nikaenda kwenye banda la kuku. Mama watoto akanifuata na leso kichwani, akaniuliza kama Ulaya imenipiga kichwa. Nikamuuliza, "Ile siku ulirudi jikoni na birika, uliona nini?"

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Niliona ile asubuhi. Nikashangaa wewe huioni. Nikasema labda hutaki kuiona, nikakuacha."

Plaiwudi ilikuwa imevimba kona mbili. Kuku wameifanyia waliyoyafanya. Tuliiosha kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, polepole, na rangi ya kanisa haikutoka. Ni rangi nzuri, nilipewa punguzo na sikuamini ingedumu.

Kijana yuko chuoni sasa, anasomea ununuzi na ugavi, kozi niliyomchagulia. Alikuja Jumamosi. Aliikuta picha juu ya kochi lile lile, akasimama mlangoni na begi mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, unanijua. Nikasema tu, "Nisamehe. Keti nami tuitazame."

Akaketi, lakini mbali. Tukatazama. Sijui dakika ngapi. Nikaona kwamba kijivu cha juu si kimoja, ni vitatu, na kile cha chini kabisa ana bluu ya darasa la watoto ndani yake. Nikaona mstari mweupe haukupinda kwa usingizi, umepinda kama ukingo wa maji unavyopinda pale chini ya kwa bibi yake. Nikamwambia hivyo. Akasogea kidogo. Akasema kijivu cha kushoto alikikosea, kilitakiwa kiwe kizito zaidi, kwamba mvua ilitokea upande ule. Akaanza kueleza, na mikono yake ikaanza kuchora hewani.

Nikamuuliza kuhusu lile tone la manjano nililosema amelidondosha. Akanitazama kwanza, kama anayepima kama nitacheka.

"Hiyo ni tochi yako, Baba. Nilikuwa naiangalia hiyo tu. Kila ikipotea nilikuwa nahesabu mpaka irudi."

Picha iko sebuleni sasa, juu ya televisheni, na kona zake zimevimba hivyo hivyo. Mafundi wawili wametaka kuinyoosha, nimewakataza. Kuhusu kozi bado tunazungumza, mama yake ana maoni na mimi nina maoni, na kijana amenunua rangi bila kutuuliza. Ukija kututembelea, karibu sana. Usiniulize ni nini. Keti upande wa dirisha, saa kumi na moja jioni mwanga unaipiga vizuri, chai inakuja.